Kazi ikatwe kwa kipimo

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, kinamtaka mwajiri wa Tanzania mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba wasiopungua asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sasa shika kikokotoo. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. Ya watu 30 ni 0.9. Mtu mmoja mzima hapatikani mpaka kampuni ifikishe wafanyakazi 34. Hoteli ndogo, shule binafsi, kiwanda cha kukoboa na kusaga, supamaketi ya mtaani: wote hawa wanaguswa na sheria, lakini hesabu yake inawapa kipande cha mtu, na kipande hicho kikifika kwenye makaratasi ya ofisi ni rahisi kugeuka sifuri. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2025, imeweka asilimia 5 kwa mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea. Asilimia 5 ya 20 ni mtu mmoja kamili. Hapo hakuna desimali ya kujifichia.

Mwanya huo wa Tanzania unazibika kwa kanuni ya mstari mmoja: kipande chochote cha mtu kihesabiwe kuwa mtu. Ugumu mkubwa zaidi uko kwingine. Mwajiri mwenye watu 200 anadaiwa nafasi 6. Akitaka kuzijaza, huanza kwa kutafuta watu 6 wanaoenea kwenye kazi kama zilivyo: mhasibu aliyeugua polio utotoni na anatembea kwa gongo, karani asiyeona kwa jicho moja, mtunza stoo aliyekatwa vidole viwili. Hawa wanastahili kazi kama mtu yeyote, na wengi wao wamenyimwa kwa miaka. Ila tukiishia hapo, asilimia 3 inaweza kutimia nchi nzima bila kijana hata mmoja mwenye ulemavu wa akili, mwenye usonji au aliyezaliwa kiziwi kuingia kwenye orodha ya mishahara.

Fuata njia ya kijana huyo mwenye ulemavu wa akili. Amesoma kwenye kitengo, lile darasa la wanafunzi wenye mahitaji maalumu lililo ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Amejifunza kujihudumia, kuhesabu kidogo, kutunza bustani, pengine kusuka mkeka. Wenzake wa darasa la saba wanafanya mtihani wa Taifa; yeye mara nyingi hafanyi. Akifikisha miaka 17 au 18 anarudi nyumbani mikono mitupu, maana hakuna karatasi inayosema anaweza kufanya nini. Kisha tangazo la kazi ya usafi linataka cheti cha kidato cha nne. Cheti hicho hakisaidii lolote katika kudeki, lakini kimeshamtoa kwenye foleni kabla hajaonwa na mtu.

Kiziwi wa kuzaliwa anafika kwenye mlango huohuo kwa njia nyingine. Lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye sarufi yake yenyewe. Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya pili, na neno kama "hawajatuletea", lenye mtenda, wakati, kanusho na mtendewa ndani ya herufi chache, halijengwi hivyo mikononi. Barua yake ya maombi ikija na viambishi vilivyopotea, afisa rasilimali watu anaisoma kama barua ya mtu asiye na akili. Kumbe ameandika kwa lugha ya kigeni.

Wazo linaloweza kuwavusha vijana hawa limeshajaribiwa na kuthibitika. Mwaka 1996, katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, jimbo la Ohio nchini Marekani, muuguzi Erin Riehle aliyekuwa akiongoza idara ya dharura alikuwa na shida ya kawaida kabisa: watu wa kujaza vifaa kwenye vyumba vya matibabu hawakai, wanaacha kazi mmoja baada ya mwingine. Kazi ile inamtaka mtu asiyechoshwa na mpangilio uleule kila siku, anayekerwa akikuta glavu zimetupwa kwenye droo ya bandeji. Akauliza kwa nini isifundishwe kwa vijana wenye ulemavu wa akili. Kutokana na swali hilo ukazaliwa mpango wa Project SEARCH: kijana anatumia mwaka wake wa mwisho wa masomo ndani ya eneo la kazi, akipitia vituo vitatu vya mafunzo kwa vitendo, kila kimoja takribani wiki kumi. Mpango huo sasa uko katika nchi kadhaa.

Msingi wa kitaalamu ulikuwa umewekwa zaidi ya miaka ishirini kabla, kwa breki za baiskeli. Mtafiti wa Kimarekani Marc Gold, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki ya vipande 15, kisha nyingine ya vipande 24. Hakuwahutubia. Aliipasua kazi hatua kwa hatua, akapanga vipuri mezani kwa mfuatano, na katika sehemu ya majaribio yake akapaka rangi upande wa kipuri unaopaswa kumtazama mfanyaji. Walioonekana kuwa hawafundishiki walifundishika pale mwalimu alipobadili namna ya kufundisha. Sijaona hoja nzito kuliko hiyo katika suala zima la ajira kwa watu hawa.

Sasa tuje kwenye namna ya kukata kazi, yaani kukusanya shughuli ndogo zilizotawanyika mpaka zifanye ajira ya mtu mmoja, maana hapa ndipo nia njema nyingi zinapokwama.

Mwajiri asianze na mtu. Aanze na kazi zilizomo ndani ya jengo lake. Mtu mmoja mwenye daftari na saa azunguke siku tatu za kawaida, akiandika kila shughuli ndogo anayoiona: inafanywa na nani, mara ngapi, inachukua dakika ngapi. Chukulia kituo cha afya chenye wauguzi 8, na kila mmoja anapoteza dakika 45 kwa siku kukunja bandeji na mashuka, kujaza maboksi ya glavu, kupeleka mafaili masijala, kupanga viti vya wagonjwa. Dakika 45 mara 8 ni saa 6. Saa 6 kwa siku ni ajira ya mtu mmoja, na fedha yake tayari inalipwa, tena kwa kiwango cha mshahara wa muuguzi.

Katika orodha hiyo, chagua shughuli zenye sifa tatu. Inajirudia karibu kila siku. Mwanzo na mwisho wake vinaonekana kwa macho. Na kosa lake linagundulika kabla halijadhuru mtu. Sifa hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Shuka lililokunjwa vibaya linakunjwa upya. Lebo ya dawa iliyobandikwa kwenye chupa isiyo yake inaua. Kwa sababu hiyo kupeleka sampuli maabara na kupanga dawa vibaki kwa waliosomea, na hakuna aibu yoyote katika kuweka mpaka huo.

Kazi iliyokatwa vibaya nayo huharibika, na kwa namna zinazotabirika. Ya kwanza ni kuokota mabaki kutoka idara sita, halafu kijana akawa na mabosi sita. Saa tatu asubuhi mmoja anamwita, saa tatu na dakika tano mwingine anamtuma, na kufikia saa nne amesimama katikati ya korido akilia. Bosi awe mmoja, hata kama kazi zinatoka kwa wengi. Ya pili ni kumpa kazi isiyo na mteja: kupanga magazeti ya zamani ambayo hakuna atakayeyasoma, kukaa getini bila jukumu. Kijana mwenye ulemavu wa akili anatambua haraka kwamba hakuna anayeisubiri kazi yake, na utoro huanzia hapo. Ya tatu ni kumficha stoo ya nyuma peke yake. Mtu asiyeonekana hafundishwi na hazungumzwi naye, na kampuni ikipunguza watu yeye ndiye wa kwanza kusahaulika.

Baada ya kukata kazi kuna kufundisha. Tuchukue kazi ya kujaza rafu ya dawa ya meno kwenye supamaketi. Anayeijua ataiita kazi moja. Ukiipasua, ina hatua tisa: kuchukua toroli, kulinganisha picha iliyobandikwa kwenye rafu na boksi la stoo, kuleta boksi, kushusha bidhaa zilizobaki kwenye rafu, kufuta vumbi, kuweka mpya nyuma, kurudisha za zamani mbele, kugeuza maandishi yatazame mteja, kukunja boksi tupu na kulipeleka. Maelekezo ya "panga vizuri" hayamo humo, kwa sababu hayamaanishi kitu kwa mtu ambaye hajawahi kuona rafu iliyopangwa. Kinachofaa ni picha ya rafu iliyojaa, imebandikwa ubavuni, ili kijana alinganishe mwenyewe na kujua amemaliza.

Kila kijana anaporudia kazi, mwelekezi, yaani anayemfundisha palepale kazini, anajaza jedwali. Kila hatua ina herufi: M amefanya mwenyewe, K ameonyeshwa kwa kidole, T ametendewa mfano, S ameshikwa mkono. Mara tatu kwa siku zinatosha. Baada ya wiki moja jedwali linazungumza. Kama hatua nane zina M na hatua moja ina T kila siku, hatua hiyo ndiyo mbovu, na ndiyo inayobadilishwa. Kwenye rafu, hatua hiyo mara nyingi ni ile ya kuweka mpya nyuma, kwa kuwa inadai kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiwanda kimoja kinaandika siku kwanza, kingine mwezi kwanza, kingine kinagonga tarehe kwenye mkunjo wa boksi kwa wino hafifu. Hata asiye na ulemavu hubabaika. Dawa yake ni mtunza stoo kubandika stika ya rangi kwenye boksi siku mzigo unapoingia, rangi moja kwa kila mwezi, na chati ya rangi kukaa ukutani. Kazi ya kusoma inageuka kazi ya kulinganisha.

Kuna kosa moja ambalo waelekezi wapya karibu wote hulifanya: wanaongea mno. "Sasa chukua hilo, haya, weka hapo, safi, sasa lingine." Kijana anajifunza kwamba sauti ndiyo inayoanzisha kila hatua, na sauti ikiondoka anasimama akiisubiri. Kidokezo cha mdomo ndicho chepesi kukitoa na kigumu kukiondoa. Afadhali kidole kimya, kisha macho tu, kisha mwelekezi asogee hatua mbili nyuma, kisha awe upande wa pili wa rafu. Akiona kijana amesita, ahesabu moyoni hadi tano kabla ya kusaidia. Sekunde tano hizo ni ngumu kuzivumilia, hasa kwa mtu mwenye huruma.

Sifa haitoshi kusemwa kwa jumla pia. "Hongera" haimwambii kijana amepatia nini. "Maandishi yote yametazama mbele" linamwambia.

Huyu mwelekezi ni nani, na anakaa kwa muda gani? Mpangilio unaobeba vijana wengi ni huu: wiki mbili za kwanza yupo siku nzima, saa 8 kwa siku 10, jumla saa 80. Wiki ya tatu na ya nne, nusu siku: saa 40. Wiki ya tano hadi ya nane, saa mbili kwa siku: saa 40 nyingine. Kuanzia hapo saa moja kwa wiki kwa miezi minne: saa 16. Jumla ni saa 176. Wiki ya kazi kisheria Tanzania ina saa 45, kwa hiyo wiki nne ni saa 180. Gharama yote ya kumsimamisha kijana kazini, pamoja na ufuatiliaji, iko chini kidogo ya mshahara wa mwezi mmoja wa mtu mmoja. Ndiyo bei ambayo kwa miaka tumeiogopa bila kuipiga hesabu.

Mwelekezi asipangiwe wanaoanza zaidi ya wawili kwa wakati mmoja, na afanye mwenyewe kazi ile siku mbili kamili kabla ya kuifundisha. Msimamo wangu ni kwamba mfanyakazi mzoefu wa palepale, akifundishwa mbinu hizi kwa siku chache, anafaa kuliko mwalimu wa elimu maalumu anayeletwa kutoka nje. Mwalimu anamjua kijana lakini hajui kwa nini boksi fulani haliwekwi juu ya lingine. Isitoshe, mwalimu ataondoka. Mfanyakazi wa jirani atabaki. Nafasi ya mwalimu ni kutoa maelezo ya awali: kijana anaelewa picha au maneno, kelele zinamsumbua, anaanguka kifafa au la, nini kinamtuliza akikasirika.

Fedha ipo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, kila mwezi. Mwaka 2023 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Lengo lake ni ujuzi, na sehemu yake huenda kwenye ufundi stadi. Basi mwajiri aruhusiwe kukata humo saa za mwelekezi, kwa kuambatisha mkataba wa kijana na lile jedwali la hatua. Kenya ilijaribu njia ya kodi: Sheria yake ya mwaka 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi kuomba apunguziwe, katika mapato yanayotozwa kodi, kiasi sawa na asilimia 25 ya mishahara aliyowalipa wafanyakazi wenye ulemavu, na asilimia 50 ya gharama za kurekebisha majengo au vifaa kwa ajili yao. Wazo zuri, lakini nafuu inayosubiri hesabu za mwaka inamfaa mwenye mhasibu na faida. Mwenye hoteli ya vyumba 15 anahitaji nafuu mwezi uleule alioajiri, na fomu ya SDL anaijaza kila mwezi tayari.

Na cheti kile kilichokosekana? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kurudi darasani. Kijana aliyejaza rafu au kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli kwa mwaka mzima awekewe nafasi humo, apimwe kwa mikono, maswali aulizwe kwa picha na kwa lugha ya alama. Jedwali lake la M, K, T na S liwe sehemu ya ushahidi. Akihama mji au kampuni ikifungwa, ana kitu cha kushika.

Kwa wenye ulemavu mwingine, mambo ni mepesi kuyapima na ndiyo maana yanaudhi yakikosewa. Njia ya mteremko ya kiti mwendo iwe na uwiano wa 1 kwa 12: ngazi moja ya sentimita 15 inadai mteremko wa sentimita 180, ngazi mbili sentimita 360. Majengo mengi yana mteremko mfupi wenye vigae vinavyong'aa, mvua ikinyesha ni hatari hata kwa mwenye miguu miwili. Mlango uwe wazi angalau sentimita 80, wa 90 ni bora, na chooni pawe na nafasi ya duara la sentimita 150 kiti kigeuke. Kosa lililozoeleka ni kujenga mteremko wa mbele kwa ajili ya picha ya uzinduzi, huku mlango wa choo ukibaki sentimita 65. Mtu asiyeweza kwenda haja kazini atajinyima maji kutwa nzima, na mwili wake utamdai.

Asiyeona anahitaji kompyuta yenye programu ya kusoma skrini. NVDA ni ya bure na inaweza kusoma Kiswahili. Kinachomkwamisha ni barua zilizopigwa picha na kutumwa kama PDF, ambazo programu inaziona kama ukurasa mtupu. Agizo moja la ofisi, kwamba nyaraka zitumwe kama maandishi, linafungua kazi nyingi kuliko kifaa cha mamilioni.

Kijana mwenye ualbino hatakiwi kupangwa shambani, barabarani au kwenye mauzo ya kutembea juani, na asiwekwe meza inayotazama dirisha, kwa kuwa mwanga mkali unamnyima hata uoni hafifu alio nao. Akibidi kutoka, iwe asubuhi mapema au jioni. Mafuta ya kukinga ngozi, kama Kilisun yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC pale Moshi, yaingizwe kwenye bajeti ya vifaa vya kinga pamoja na buti na kofia ngumu, yasihesabiwe kuwa hisani. Saratani ya ngozi ni ajali ya kazi inayokuja polepole.

Kwa kiziwi, kengele ya moto ya sauti iongezwe taa inayomulika, na awepo mtu aliyetajwa kwa jina wa kumgusa bega. Kwenye kona za magari ya kubeba mizigo wekeni kioo. Mkalimani ni ghali kumweka kila siku, lakini kuna mara tatu ambazo hakosekani: usaili, mafunzo ya usalama, na kikao chochote cha nidhamu. Kiziwi anaweza kufukuzwa kwa kosa la kutofuata agizo lililotolewa kwa mdomo kwenye kikao cha asubuhi, yeye akiwa amesimama mstari wa nyuma. Wenzake wakijifunza alama hamsini za kazi yao, agizo hilo lingemfikia. Huko Iringa, mgahawa wa Neema Crafts, mradi wa kazi za mikono wa watu wenye ulemavu, unahudumiwa na viziwi, na mteja anaandika oda yake kwenye karatasi. Kazi imepangwa upya ili usikivu usihitajike, kwa hiyo uziwi haupunguzi kitu.

Neema Crafts ina funzo lingine, na hapa nalazimika kuwagusa watu wanaofanya kazi ngumu kwa fedha kidogo. Tanzania ina vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu, kikiwamo cha Yombo, Dar es Salaam, na vingine mikoani. Humo na kwenye miradi mingi ya wafadhili, fani zimekuwa zilezile kizazi hadi kizazi: ushonaji, useremala, viatu. Kijana anahitimu, anapewa cherehani, picha inapigwa. Miezi michache baadaye sindano zimevunjika, mtaa una mafundi wanane wengine, na cherehani imeuzwa kulipa kodi ya chumba. Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, ikaanza na bidhaa ambayo kuna mtu wa kuinunua, halafu ikawafundisha watu. Chuo kinachofundisha kwanza na kutafuta soko baadaye kinamtwisha mhitimu mzigo ambao mfanyabiashara mzoefu angeukataa. Mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, nao ni mkopo: unarudishwa. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili, mshahara wa mwisho wa mwezi ni salama kuliko deni la kikundi.

Usafiri nao unavunja ajira. Piga hesabu ya mtumiaji wa kiti mwendo ambaye daladala hazimchukui. Bajaji ikiwa shilingi 4,000 kwenda na 4,000 kurudi, kwa siku 24 ni shilingi 192,000. Kama mshahara ni 300,000, amebakiwa na 108,000, na ataacha kazi kwa sababu inayoeleweka na mtu yeyote anayejua kutoa. Kubadilisha tawi alilopangwa, au kumwingiza saa nne badala ya saa mbili, ni bure. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili, safari inafundishwa kama kazi: kituo cha kupandia, rangi ya mstari wa daladala, alama ya kushukia, simu ya nani akipitilizwa. Siku ya kumwachia peke yake, mwelekezi apande gari la nyuma yake.

Familia nayo inahitaji kusemwa nayo mapema, tena kwa heshima. Mama aliyemlinda mtoto wake miaka 19 dhidi ya mtaa mzima hawezi kumkabidhi kwa mgeni kwa barua ya ajira. Ataogopa dhihaka, na kwa binti ataogopa kubakwa. Hofu hiyo ina msingi. Aonyeshwe mahali pa kazi, amjue bosi, apewe namba ya simu. Binti afundishwe, kwa picha na kwa kuigiza, nani anaruhusiwa kumgusa na wapi aende kusema. Mshahara ulipwe kwenye namba au akaunti ya kijana mwenyewe. Ukilipwa kwa kaka yake, baada ya miezi miwili kijana hataona sababu ya kuamka alfajiri.

Na uwe mshahara. Zipo sehemu ambako vijana hawa wanaitwa wanafunzi kwa mwaka wa nne, wanapewa posho ya nauli, hawana mkataba wala mchango wa NSSF. Mafunzo yana tarehe ya mwisho. Yasiyo nayo ni kazi isiyolipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, malipo yakiwamo.

Sheria hiyohiyo ina sehemu inayotakiwa kuangaliwa kwa makini: ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo. Katika ile ratiba ya saa 176, miezi sita ndiyo wakati mwelekezi anamaliza kuondoka. Kijana anapoteza mkono wa kumshika wakati uleule ambao mwajiri anaona ni nafasi ya mwisho ya kumwondoa kirahisi. Tathmini basi zifanyike mwezi wa pili na wa nne, jedwali likiwa mezani, ili shida yoyote ifike mwezi wa sita ikiwa imeshashughulikiwa.

Linalofuata kwa hatari ni kuhamishwa kwa msimamizi. Aliyekuwa akijua kwamba kijana huyu haulizwi maswali mawili kwa pamoja, kwamba siku ya kliniki ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kwamba akibadilishiwa meza aambiwe jana yake, amepelekwa tawi la Mwanza, na aliyekuja haambiwi chochote. Yote hayo yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, kijana na familia wakikubali kilichoandikwa, jina la ugonjwa likiachwa na mahitaji tu yakitajwa. Nakala moja ikae kwenye faili lake, nyingine apewe msimamizi mpya siku anayokabidhiwa funguo za stoo, naye aisaini pamoja na orodha ya mali.